Fenesi Lako Ndani ya Ukulele

Tabora,
Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Mke wangu Tatu,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo, uwe jikoni au huko bondeni kwenye michungwa ya baba, na zikukute u mzima kama nilivyokuacha. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Kile kikohozi cha vumbi nilichokuandikia kimeondoka chenyewe. Baba anaendeleaje na goti lake linalomsumbua kila masika? Mama naye hajambo? Na yule kuku wako mweusi, bado anataga juu ya sanduku langu la nguo? Mwambie aanze kutafuta mahali pengine, maana sanduku lile huenda likahitajika.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kama tulivyofundishwa na maalim, kila mtu kwao, ili usome mwenyewe usimpe mtu akusomee. Yaliyomo humu ni yako kwanza. Ukimaliza utaamua lipi la kumfikishia baba na lipi la kubaki nalo.

Fenesi nimelipata. Limefika zima, limeiva barabara, na limenukisha stesheni nzima ya Tabora. Kikaratasi ulichokifunga kwenye kikonyo chake nacho nimekisoma. Uliandika hivi: "Kula ushibe, kisha niambie kweli. Huko unatengeneza redio au unafagia?"

Tatu, nilikuwa nafagia.

Nimeliandika neno hilo na mkono umekuwa mzito, lakini sasa limekwisha kuandikwa, na wino wa Bwana Ramji haufutiki. Zile barua zote nilizokuletea mwaka na nusu huu, kwamba leo nimefungua redio ya Bwana Shauri wa wilaya, kesho nimebadilisha zile taa zake za ndani, aliyefungua na aliyebadilisha ni Bwana Ramji mwenyewe, Mhindi mwenye duka. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika ufagio. Nilikuwa nafagia, nachemsha chai, nafuta vioo, nawabebea watu redio zao mpaka nyumbani. Binamu yako Shomari, alipopita hapa na treni ya Kigoma, hakunisingizia. Aliona alichokiona. Na baba aliposema hamtoi binti yake kwenda kuishi na ufagio, nilichukia siku tatu, na nilichukia kwa sababu hakukosea.

Uongo ule nilianza nao mdogo. Nilidhani nitaandika kidogo mbele ya kazi yenyewe, kisha kazi itanifikia. Haikunifikia. Kila barua ikadai nyingine kubwa zaidi, hata ikawa naogopa kupokea majibu yako, wewe ninayekuwaza kutwa. Kwa hilo nakuomba radhi, na sina maneno mazuri ya kulipamba.

Lakini usiikunje barua. Soma mpaka mwisho, maana tangu Jumamosi iliyopita mimi si yule mtu aliyeonwa na Shomari, na aliyenifikisha hapo ni wewe na fenesi lako. Kaa chini nikueleze.

Aliyeniletea mzigo wako dukani ni Bwana Kasanda, karani wa mizigo hapo stesheni. Ni Mnyamwezi, mtu mzima, mtanashati, shati lake halina mkunjo hata jua likiwa kali. Alipigana vita na Wajapani huko Bama, na alipokuwa anarudi alinunua kisiwani Seloni kigitaa kidogo chenye nyuzi nne kiitwacho ukulele. Ni kidogo kweli, unaweza kukibeba kwapani kama kuku. Kila Jumamosi alasiri anakipiga katika bendi ya klabu ya watu wa reli. Siku ile alikuja na fenesi mkono huu na ukulele mkono huu.

Akaliweka fenesi juu ya meza, akaniambia, "Sefu, mkeo ananiharibia stoo. Mabwana wakubwa wote wameniuliza nimeficha nini."

Kisha akamgeukia Bwana Ramji. Akasema yeye ndani ya bendi ni kama hayupo. Wale wa tarumbeta wakianza kupuliza na wa ngoma akaanza kupiga, ukulele yake haisikiki hata na yeye aliyeikumbatia. Miaka yote hiyo anapiga na watu wanaona vidole tu vinakwenda. Sasa Jumamosi inayokuja kuna wageni, bendi kutoka Mwanza, naye hataki aibu. Klabu wana mashine ya kukuza sauti, ile wanayosemea matangazo. Je, haiwezekani ukulele nayo ikatiwa kitu ndani, ikasikika kwenye mashine ile?

Bwana Ramji hakuinua hata macho. "Mimi fundi ya redio. Hii mchezo hapana yangu. Mpe Sefu." Akacheka, na wateja wawili waliokuwapo wakacheka naye.

Mimi sikucheka. Nikasema, "Naweza."

Wallahi sijui neno lile lilitoka wapi. Lakini sikiliza, haikuwa ujinga mtupu. Mwaka na nusu mtu akisimama nyuma ya fundi na ufagio, macho yake hayasimami bure. Na takataka za duka nilikuwa nazifagia mimi, kwa hiyo najua kilichotupwa. Nina mkebe wangu wa biskuti chini ya kitanda, na ndani yake nilikuwa nimeweka vile vichwa vya gramafoni vinavyoshika sindano, ambavyo mafundi wanaviita pikapu. Vilikuwa vitatu, vimetupwa kwa sababu vimevunjika pale pa kutilia sindano tu. Ndani ya kila kimoja mna kijiwe chembamba kama ukucha. Kijiwe kile kikitikiswa, hata kwa mtikiso usiouona, kinatoa umeme kidogo sana, na umeme huo ukipita kwenye waya ukaingia kwenye mashine unatoka sauti kubwa. Sindano ya santuri inakitikisa ndipo unasikia mwimbaji. Nikajiuliza, ubao wa ukulele nao si unatikisika nyuzi zikipigwa? Kijiwe nikikigandisha ndani ya ubao kitaacha kusema?

Bwana Kasanda aliitoa ukulele kwapani. Akasema, "Hii haijashikwa na mkono mwingine tangu Seloni." Akaniwekea mikononi.

Sasa kazi ikawa kukigandisha. Gundi ya maseremala haifai mpaka ichemke, na kijiwe kile hakipendi moto. Pikapu ya kwanza niliijaribia kwenye kipande cha ubao, gundi ikaiunguza, kijiwe kikafa palepale. Zikabaki mbili. Nilitaka kitu kinachonata kikiwa baridi. Nikawa nimekaa nafikiri, huku nakula fenesi lako pamoja na mpishi mmoja wa jirani, na mikono imeniganda mpaka siwezi kutenganisha vidole. Ndipo nikaruka. Ulimbo! Kwetu Janga utotoni tulinasia ndege kwa utomvu wa fenesi, na ndege akinasa hatoki. Nani hapa Tabora angejua jambo hilo isipokuwa mimi? Nilijiona nimepewa siri. Nikakusanya utomvu wote wa kikonyo na wa moyo wa fenesi, nikauzungusha kwenye kijiti hadi ukawa donge zuri.

Jumanne asubuhi Bwana Kasanda akaja kutazama. Bwana Ramji akaacha kazi yake, akavuta kiti, kama mtu aliyekuja kwenye mchezo. Tundu la ukulele ni dogo, linapitisha vidole viwili basi. Nikashika pikapu kwa vidole viwili, nimeipaka ulimbo, nikaiingiza, nikaibandika chini ya ubao karibu na tundu. Waya nikauchomeka nyuma ya redio ya zamani, yale matundu mawili ya kutilia santuri. Nikamwambia Bwana Kasanda, "Gusa uzi."

Akagusa. Ikatoka sauti kama ya mtu anayesema huku amejifunika blanketi. Utomvu ni laini, Tatu, haukauki. Mtikiso wote wa ubao ulikuwa unamezwa na ulimbo kabla ya kufika kwenye kijiwe. Mimi sikulijua hilo bado, nikadhani haijashika vizuri. Nikaongeza ulimbo, nikabonyeza kwa nguvu. Nilipotaka kutoa vidole, havikutoka.

Najua umekwisha kucheka. Cheka, una haki. Mume wako, mkwe wa mzee mwenye mafenesi kuliko mtu yeyote Kisarawe, alitia mkono kwenye utomvu bila kupaka mafuta. Jambo ambalo hata mgeni wa kutoka bara akifika kwenu huambiwa siku ya kwanza. Nimesimama katikati ya duka, vidole vyangu viwili vimeganda ndani ya ukulele iliyotoka Seloni, na kila nikivuta ubao unalia mlio wa kutaka kupasuka. Bwana Kasanda, aliyevuka mito ya Bama na risasi zinapita, jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola.

"Usivute!" akasema. "Sefu, kwa jina la mama yako, usivute!"

"Mafuta," nikasema. "Nipeni mafuta ya nazi."

Bwana Ramji ana chupa chini ya meza, ya kupaka nywele zake. Alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka, lakini aliitoa. Tukamimina polepole. Vidole vikatoka, na pikapu ikatoka navyo, kijiwe kimekatika vipande viwili. Ikabaki moja.

Nilidhani Bwana Kasanda atachukua mali yake aende. Alikaa, akaipangusa kwa leso yake, akaitazama ndani. Halafu akasema, "Ubao haujapasuka. Mpaka Jumamosi. Ukishindwa, naifungia kwenye sanduku, sipigi tena." Hakusema kwa hasira. Nilitamani angenitukana.

Siku mbili nilisafisha utomvu kwa kitambaa na kijiti. Na katika kusafisha huko ndipo nilipokukumbuka vizuri, siku ile ya kwanza. Unakumbuka, Kisarawe, mbele ya malori ya matunda? Wanunuzi wanagonga mafenesi wameegemeza masikio kama wanaosikiliza siri, mimi nami nikiwa mmoja wao. Wewe ulikuwa unagonga kwa kifundo cha kidole upande huu, na kiganja umekiweka upande wa pili, na uso umeutazamisha kwingine kabisa. Ukanicheka. Ukaniambia, "Kaka, acha kuegemeza sikio, hapa kelele tupu. Shika." Ukanichagulia moja, na tangu pale sikununua fenesi kwa mwingine.

Basi nikafanya ulivyofanya. Kumbe mahali pa kutia pikapu nilikuwa nimepatafuta kwa sikio, na duka lile lina redio tatu zinalia kwa pamoja. Nikaligeuzia kisogo duka, nikawa nagonga nyuzi kwa mkono mmoja, na ncha ya kidole cha mkono wa pili naipitisha ndani chini ya ubao, polepole, bila kusikiliza. Karibu na tundu hapana kitu. Mbele kidogo panatetema lakini hapajatulia. Kisha nikafika chini ya kile kibao kinachoshikilia nyuzi, upande wa uzi mwembamba, na pale nikahisi kidole kinapigwa kama mshipa wa shingo. Ni pale pale, Tatu. Nikapatia alama ya chokaa.

Ulimbo nikauacha. Tabora hii ni nchi ya nyuki, nta inauzwa sokoni kama kwenu zinavyouzwa nazi. Nikaifinyanga nta kiganjani mpaka ikalainika kwa joto la mkono tu, nikaitandaza nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ikipoa inakuwa ngumu, haimezi sauti. Waya ulitaka njia ya kutokea, na hapo hapakuwa na ujanja ila kutoboa tundu dogo mkiani. Nilimwita Bwana Kasanda ili lisifanyike bila yeye. Aliponiona nimeshika keke ya kutobolea alisema anatoka nje kidogo kuvuta sigara. Yeye havuti sigara. Nilipomaliza nilipitisha uzi kwenye tundu lile, nikautolea kwenye tundu kubwa, nikaufungia waya, nikauvuta kama utiavyo utambi kwenye kibatari, kisha nikaibandika pikapu ya mwisho kwa nta pale penye chokaa. Mikono yangu, kwa taarifa yako, nilikuwa nimeipaka mafuta kwanza na kuipangusa, ingawa nta haikuhitaji.

Jumamosi alasiri klabu ilijaa mpaka madirishani. Nilikaa chini karibu na mashine. Tarumbeta zikaanza, ngoma ikaingia, Bwana Kasanda akaanza kupiga kama kawaida yake, ameinamisha kichwa. Nikafungua mashine taratibu.

Tatu, ilisikika! Ilisikika juu ya tarumbeta, safi, kila uzi na sauti yake, kama mvua inayoanza kudondoka kwenye mabati. Bwana Kasanda mwenyewe alishtuka, vidole vikasimama, akageuka nyuma kutazama nani anayepiga. Halafu akaelewa. Akacheka peke yake kama mtoto, akapiga tena, na safari hii hakuinamisha kichwa. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akamwuliza mwenzake, "Yule naye tangu lini yumo?" Wale wa Mwanza walisimama kwenye viti ili waone.

Dansi ilipopumzika, kiongozi wa bendi ya Mwanza akaja akauliza nani aliyeifanya kazi ile, maana huko kwao wana banjo mbili zenye shida hiyohiyo. Bwana Ramji alikuwa mlangoni na mkewe. Akanionyesha kwa kidole, akasema kwa sauti kila mtu akasikia, "Ile pale. Fundi yangu."

Nimeyasikia kwa masikio yangu, na safari hii sikuongeza hata neno. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya klabu, machozi yakanitoka. Nakuambia wewe tu. Hilo usimfikishie baba.

Sasa usije ukadhani nimeacha kufagia. Jumatatu nilifika dukani, nikafagia, nikachemsha chai, kwa kuwa hakuna mwingine wa kufanya. Sitakuficha tena jambo. Lakini upande wa dirisha Bwana Ramji amenipa meza, na juu ya meza ile zimo zile banjo mbili za Mwanza, na gambusi la Mwarabu wa duka la tende, zote zinanisubiri mimi. Kanionyesha pia namna ya kushika chuma cha kulehemu, na amesema kila Jumatano nitafungua redio naye, yeye akiwa nyuma yangu. Chumba changu kina dirisha moja na mlango unaofunga. Nyuma ya nyumba nimepanda kokwa za fenesi lako, na tatu zimekwisha kuchipua. Majirani wananiuliza mti gani, nawaambia subirini mwenyewe aje.

Kwa hiyo nimekujibu ulichoniuliza. Nami nakuuliza kimoja: utakuja? Ukisema hapana kwa sababu ya zile barua za nyuma, sitakulaumu. Ila ujue nimeisema kweli kabla ya kuuliza.

Msalimu baba mkwe wangu, shikamoo yake, na umwambie sina kinyongo hata kidogo kuhusu ule ufagio. Mama mkwe mpe shikamoo ya peke yake na pole ya kazi. Dada yako mkubwa aliyekuwa anatufichia barua, mwambie namkumbuka. Shomari mwambie akipita tena asiishie kuchungulia mlangoni, aingie anywe chai, nitamchemshia mwenyewe. Ukipata mtu wa kwenda Janga, mama yangu naye apewe salamu, na aambiwe mwanawe amekuwa mtu.

Ni mimi mumeo, niliyekuwa nafagia na ninayetengeneza,
Sefu

Nimesahau. Ndani ya bahasha mna kifurushi cha karatasi ya nta. Ni ile pikapu ya pili, kijiwe chake kilichokatika kikiwa bado kwenye utomvu. Mpe baba ashike mwenyewe, ataijua harufu ya fenesi lake, na ajue lilikofika. Lakini usikifungue hivihivi, Tatu. Utomvu haujakauka mpaka leo. Paka mafuta kwanza.